Vitafunwa vya moto vya Hanoi wakati wa baridi: namna ya kuvila barabarani na kupika kimoja nyumbani

Baridi ya Hanoi haionekani vizuri kwenye simu. Simu inasema nyuzi 13, mtu anatoka na koti jepesi, na nusu saa baadaye vidole vimekufa ganzi. Ni baridi yenye unyevu. Kuanzia Desemba upepo wa kaskazini mashariki, ambao wenyeji huuita gió mùa, huteremka kutoka upande wa China. Nyumba nyingi hazina kitu cha kupasha joto, kwa hiyo ukiingia ndani hujakimbia chochote. Februari na Machi huja mưa phùn, manyunyu membamba kama vumbi la maji, na nguo uliyoanika Jumatatu bado ni mbichi Alhamisi.

Watu wa jiji hilo wameijibu baridi yao kwa chakula cha kando ya barabara. Nimekaa huko misimu minne ya baridi, kwanza nikila, baadaye nikijifunza kupika, na nilichokiona ni kwamba joto lenyewe ni kiungo, sawa na chumvi. Vitafunwa hivi vimetengenezwa viliwe pale pale, dakika chache baada ya kutoka motoni. Ukivifunga kwenye mfuko uvipeleke hotelini, utakula kitu kingine kabisa. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Chagua saa kwanza, mahali baadaye

Saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, wanafunzi wanapotoka shuleni, ndiyo saa ya vitu vya kukaanga. Wateja ni wengi, na hakuna kinacholala kwenye wavu. Giza likiingia ni zamu ya konokono, vitu vya makaa na mabakuli ya tangawizi. Usiku zaidi, baiskeli na pikipiki hupita vichochoroni zikiwa na kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale yaliyorekodiwa: "Xôi lạc, bánh khúc đây!" Huyo anauza wali wa kunata wenye karanga, pamoja na matonge ya kijani yenye choroko ndani. Ukimsikia, shuka ngazi mara moja, maana hakungoji.

Kumbuka Tết, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Siku zake za mwanzo wauzaji wengi hurudi kwao vijijini na vijiwe hubaki vitupu.

Ukifika mtaani, tazama mikono ya muuzaji. Anayekaanga kidogo kidogo kadiri watu wanavyoagiza, kaa kwake. Mwenye rundo lililokwisha kuiva na kupoa, mpite, hata kama kijiwe chake kina picha nzuri.

Hatua ya 2: Maneno machache, na noti zako

Kivietnam kina tabia ambayo Mswahili ataielewa upesi: mtu huitwa kwa undugu. Mwanamke wa rika la shangazi yako ni cô. Aliyekuzidi kidogo ni chị, yaani dada. Aliye mkubwa kuliko wazazi wako, mwanamume au mwanamke, ni bác. Ongeza ơi mwishoni: "Cô ơi!" Ni kama unavyomwita mama ntilie "mama" ingawa hujawahi kumwona. Mgeni akiita hivyo, uso wa muuzaji hufunguka, na mara nyingi kipande kinachofuata kutoka kwenye karai ni chako.

Một bát ni bakuli moja, hai bát ni mabakuli mawili. Bao nhiêu tiền? ni "shilingi ngapi?", na uliza kabla ya kukaa. Noti ya dong 20,000 na ile ya 500,000 zote zina ubuluu, na kwenye taa hafifu ya barabarani hufanana. Nimewahi kutoa ya laki tano kwa bakuli la elfu ishirini. Mama aliyeniuzia alinifuata hatua kadhaa akanirudishia. Tangu hapo noti kubwa huziweka mfuko mwingine.

Kwa wasiokula nguruwe: vingi vya kukaangwa vyenye kujazwa vina nguruwe ndani, basi jifunze kusema không ăn thịt lợn, "sili nyama ya nguruwe". Neno la kutafuta kwenye mabango ni chay, chakula kisicho na nyama. Hupatikana zaidi tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, siku ambazo Wabudha wengi hujizuia kula nyama. Kumbuka pia mafuta ya karai, maana ndizi huweza kukaangwa mle mle ilimopita nyama. Mtaa wa Hàng Lược, katika mji mkongwe, upo Msikiti wa Al-Noor. Ukisali pale Ijumaa utapata watu wa kuwauliza chakula cha halali kilipo.

Hatua ya 3: Anza na karai

Bánh gối ni kama binamu wa sambusa: nusu duara ya unga wa ngano, ukingo umesokotwa kwa vidole, ndani nyama ya kusaga, uyoga mweusi, tambi nyembamba zinazoangaza na kipande cha yai la kware. Bánh rán mặn huwa na mchanganyiko unaokaribiana na huo, ila ganda lake ni la unga wa mchele wa kunata, kavu nje na lenye kuvutika ndani. Muuzaji huvikata kwa mkasi na kukupa kibakuli cha nước mắm, maji ya samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi. Hapa yamepunguzwa makali kwa maji, siki na sukari, na ndani yake huelea vipande vya papai bichi.

Usikitumbukize kipande na kukiacha mle. Shika jani la saladi, weka kipande juu, chovya upande mmoja tu, kula. Ganda likishalowa limekwisha. Na agiza viwili viwili, ukimaliza ndipo uongeze. Sahani iliyojaa hupoa kabla hujafika nusu.

Bánh chuối, ndizi iliyopondwa bapa na kuvikwa ute wa unga, haihitaji mchuzi. Ishike kwa karatasi mikono miwili na uipe pumzi tatu kabla ya kuuma.

Hatua ya 4: Bakuli la konokono

Wengi wetu huishia hapa, na sitamlazimisha mtu, maana kuna suala la dini na suala la moyo. Lakini kama unaweza, hiki ndicho kitafunwa kinachokuonyesha namna Wahanoi wanavyoifikiria baridi. Kwao chakula kina tabia: kingine hàn, cha baridi, kingine nhiệt, cha moto, hata kama vyote vinatoka kwenye sufuria moja. Wazee wa pwani yetu nao hugawa vyakula hivyo hivyo. Konokono ni wa tabia ya baridi, kwa hiyo haliwi bila tangawizi, mchaichai na pilipili, ambavyo ni vya moto. Yai la bata lenye kifaranga ndani, trứng vịt lộn, nalo huliwa na tangawizi kwa sababu hiyo hiyo.

Ốc luộc ni konokono wa madimbwi na mashamba ya mpunga, waliochemshwa na mchaichai na majani ya mlimau. Agiza bakuli, na hakikisha linakuja likifuka mvuke. Konokono hawa huweza kubeba minyoo, kwa hiyo wa vuguvugu usimle. Omba wachemshwe upya.

Mpangilio wa kula ni huu. Toa wawili watatu tu, wengine waache ndani ya bakuli wabaki na joto. Bandua kwanza kile kifuniko kigumu mdomoni mwa gamba. Choma nyama kwa sindano, kisha zungusha gamba, usivute: gamba limejipinda kama parafujo, na nyama hutoka nzima ukilifuata. Chovya kwenye kibakuli cha nước mắm chenye tangawizi iliyokatwakatwa, mchaichai, pilipili na maji ya ndimu ndogo za machungwa ziitwazo quất. Chovya sana, hapa usione haya. Makali ya tangawizi yatapanda hadi puani, na ndani ya robo saa utajikuta unafungua koti.

Hatua ya 5: Pumzika kwenye makaa

Mahindi ya kuchoma na viazi vitamu hauhitaji kufundishwa. Tofauti ni kwamba hindi la huko, ngô nếp, ni la kunata, hushikamana na meno na hushibisha upesi, hivyo moja linatosha watu wawili. Pokea lile lililoko motoni wakati huo. Kiazi kiweke kwanza mfukoni mwa koti ushike joto lake, kisha ukimenye. Chuchumaa karibu na jiko, muuzaji hatakufukuza. Pembeni pataonekana bibi mwenye birika: agiza trà nóng, chai ya kijani isiyo na sukari, pamoja na kẹo lạc, ambazo kwa jicho la mtu wa kwetu ni kashata za karanga.

Hatua ya 6: Maliza kwa tangawizi, hata ukiwa nyumbani

Bánh trôi tàu ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Neno tàu linamaanisha ya Kichina, na ndiko asili yake iliko. Ni matonge mawili ya mchele wa kunata, moja la ufuta mweusi na jingine la choroko, ndani ya mchuzi mtamu wa tangawizi. Mtaa wa Hàng Giầy ni maarufu kwa bakuli hili. Lakini linapikika popote penye baridi, iwe Njombe au Limuru au Stockholm, mradi upate unga wake. Watu 5 watapata bakuli moja moja.

Unga: gramu 250 za unga wa mchele wa kunata. Madukani mwa Waasia tafuta neno nếp kwenye pakiti. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua, hautafaa, kwani matonge yatapasuka majini. Tia chumvi kidogo, kisha maji ya vuguvugu karibu mililita 210, kidogo kidogo, huku ukikanda. Finya tonge dogo: kingo zikichanika, ongeza kijiko cha chai cha maji. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa.

Ufuta: kaanga bila mafuta gramu 50 za ufuta mweusi hadi unukie, twanga, changanya na gramu 30 za sukari na gramu 20 za samli. Barabarani wengine hutumia mafuta ya nguruwe, na samli inafanya kazi ile ile. Gawa vidonge 5, viweke kwenye friji vigande.

Choroko: loweka gramu 40 za choroko zilizokobolewa kwa saa mbili, chemsha zilainike, ponda na gramu 20 za sukari, kisha songa kwenye kikaango hadi ziachane na chuma. Vidonge 5 tena.

Mchuzi: menya gramu 80 za tangawizi. Nusu ikate na kuiponda, ichemshe kwenye lita 1 ya maji na gramu 200 za sukari guru kwa dakika 20, uchuje. Nusu nyingine ikune na uikamue, na maji yake uyatie mwishoni kabisa, kwa sababu makali ya tangawizi mbichi hupungua yakichemka sana. Koroga vijiko 2 vya chakula vya wanga wa muhogo kwenye maji baridi, mimina ndani, acha uzito uje kidogo. Usiruke wanga: mchuzi mzito hupoa polepole, na bakuli hukaa na joto hadi kijiko cha mwisho.

Sasa gawa donge vipande 10, vitandaze kiganjani, funga vidonge ndani. Ya ufuta yafanye mviringo, ya choroko marefu kidogo, ili mlaji ajue anakula nini. Chemsha maji mengi, tumbukiza, koroga taratibu yasishike chini. Yakielea, hesabu dakika 3, yatoe, yaweke kwenye maji baridi dakika 1 yasigandane. Kisha yahamishie kwenye mchuzi ulio juu ya moto mdogo kwa dakika 5, joto lirudi hadi katikati.

Suuza mabakuli kwa maji yanayochemka kabla ya kupakua. Tonge moja la kila aina, mchuzi uyafikie nusu, juu nazi iliyokunwa na karanga zilizokaangwa na kupondwa. Wape watu wakiwa wamekwisha kukaa. Na waambie watoto wang'ate kwanza tundu dogo ubavuni mwa tonge la mviringo, mvuke utoke, maana samli iliyoyeyuka na ule ufuta huunguza ulimi kuliko mchuzi wenyewe.