SOMO: Bakteria anavyobadili kinga dhidi ya kitu kisichomhusu kabisa

Wakuu habari, leo tuongelee jambo linalochanganya wengi, kwamba kinga ya mwili haiangalii tu nani kaingia, inaangalia pia kulikuwa na kelele gani wakati anaingia.

HATUA YA 1. Jua antijeni ni nini. Ni kipande chochote ambacho seli za kinga zinaweza kukitambua, kiwe cha bakteria, cha chavua au cha yai. Basi, tusonge.

HATUA YA 2 (hii ndo yenyewe, isome mara mbili). Chukua protini safi mdunge panya, mara nyingi mwili wake unaikaushia tu. Sasa protini ileile ichanganye na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliokufa, panya anatoa kingamwili (protini za kushika adui) kibao dhidi ya hiyo protini ambayo haina hata undugu na kifua kikuu! Mchanganyiko huo unaitwa kwa jina la mwanasayansi Jules Freund na maabara bado zinautumia. Siri iko kwa seli za dendriti, hizi ni walinzi wa kinga, zinaokota vipande (antijeni) na kuvipeleka kwenye tezi za limfu kuvionyesha kwa seli T, ambazo ni askari wa kinga, ila seli T haishtuki kwa kuonyeshwa tu, inataka na dalili ya hatari. Dendriti ikigusa ganda la bakteria inashtuka, inamwaga saitokini (kemikali za kupeana taarifa kati ya seli), na chochote ilichobeba saa hiyo kinaonekana mhalifu. Ni kama kelele za mwizi, hata mpita njia anaangaliwa vibaya.

HATUA YA 3. Kelele zinaacha alama. Chanjo ya BCG ilianza kupewa watu 1921 kwa ajili ya kifua kikuu tu, lakini monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za aliyechanjwa, hata miezi mitatu baadaye, zinawaka zaidi zikikutana na fangasi wa Candida, ambaye hajawahi kutajwa kwenye hiyo chanjo. Kilichobadilika ni namna DNA ya hizo monosaiti ilivyokunjwa, jeni fulani zinabaki mlango wazi.

HATUA YA 4. Kelele zikizidi watu wanazizoea. Makrofeji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) ikipata endotoksini, yaani sumu ya ganda la baadhi ya bakteria, leo inatoa saitokini nyingi, ukiirudia kesho inatoa kiduchu. Ndo maana mgonjwa aliyepigwa na sepsisi (maambukizi yanayofanya kinga ivuruge mwili mzima) anaweza kushambuliwa na vijidudu vingine kirahisi, hata virusi vya herpes vilivyokuwa vimelala mwilini vinaamka.

MASWALI

Swali: Mkuu shukrani, kwa hiyo niende kuchanjwa nikiwa naumwa ndo itashika vizuri?
Jibu: Hapana aisee, usijaribu. Mafua madogo kwa kawaida hayazuii chanjo ila ukiwa na homa kali utaambiwa usubiri. Na huo mchanganyiko wa Freund binadamu hadungwi, unaacha vidonda vibaya, chanjo nyingi zinatumia chumvi za aluminiamu.

Swali: Mwalimu, streptokoki wa koo kuja kuharibu moyo, nayo ni hii hii?
Jibu: Hapo ni tofauti dada, pale tatizo ni kufanana sura, kipande cha bakteria kinafanana na protini za moyo na kinga inachanganya.

Swali: Nilisikia BCG wanaiweka hadi kwenye kibofu chenye kansa, kweli?
Jibu: Kweli kabisa, daktari Morales aliripoti 1976. Inaingizwa kwa mpira wa mkojo, kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki sita, bakteria wale wamedhoofishwa ila wako hai, seli za kinga zinamiminika pale na kansa inakumbana nazo. Kukojoa kunachoma siku moja mbili, hilo wanakuambia mapema.