Somo: Mtandao upi wa kijamii unailipa asasi yenu?

Naandika mara moja ili atakayeuliza tena "tufungue na TikTok?" nimwelekeze hapa. Ni kwa asasi ndogo za Tanzania na Kenya zinazochangiwa kwa M-Pesa.

1. Andikeni kila mtandao unatakiwa uwaletee nini: michango, watu wa kujitolea, au wahudumiwa.

2. Hesabuni bando na saa. Saa za kijana anayejibu meseji usiku ni gharama, hata kama anajitolea.

3. Jueni kila mchango umetoka wapi. Hatua hii msiiruke. Anayelipa kwa namba ya kampuni (Kenya ni Paybill) huombwa kumbukumbu namba (Kenya ni "account number") kabla ya kiasi. Tumieni nafasi hiyo: posti ya Facebook iseme "kumbukumbu 10", ya Instagram 20, ujumbe wa WhatsApp 30. Tarakimu ni bora kuliko herufi, maana mwenye kitochi hatahangaika kuandika. Taarifa ya miamala ya mwisho wa mwezi itawaonyesha yote.

Tahadhari: Lipa Namba na Till haziombi kumbukumbu, kwa hiyo hapo hamtapata kitu. Jaribuni kwanza wenyewe kwa kiasi kidogo kabla ya kutangaza. Na wapo watakaoandika majina yao. Hao wawekeeni safu ya "haijulikani", msiwagawe kwa kukisia. Mkikisia, mtandao mnaoupenda ndio utakaoshinda kila mwezi.

4. Kwa kila mtandao, gawanyeni michango kwa saa mlizotumia (hatua ya 2). Angalieni miezi mitatu, si wiki moja.

5. Pimeni na hatari. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021. Tanzania nako, X (zamani Twitter) ikafungwa Mei 2025. Ombeni namba za simu za wafuasi wenu, kwa ridhaa yao, ili mtandao ukifungwa msiwapoteze.

MASWALI

– Tuna wafuasi elfu ishirini Instagram. Hiyo si thamani tosha?
Wangapi wamechangia? Rudi hatua ya 3.

– Mkuu, taja tu mtandao ulio bora.
Sitaji. Somo zima linaeleza kwa nini.

– Sisi hatuchangishi, tunahamasisha kina mama waje kliniki. Tupimeje?
Swali zuri sana, dada. Anayeandikisha amuulize kila mama, "Habari hizi umezipata wapi?" na aweke alama kwenye daftari. Wekeni redio na "jirani" pia. Akisema jirani, muulize kama alionyeshwa kwenye simu, maana ujumbe wa WhatsApp unaotumwa mkono kwa mkono hauonekani kwenye takwimu zozote. Mkipata daftari la mwezi wa kwanza, leteni tulisome pamoja.

– Grupu letu la WhatsApp limejaa watu 1,024. Tufungue la pili?
Kama ni matangazo tu, fungueni chaneli. Kwenye grupu kila mtu anaona namba ya mwenzake, na kwa wanaoishi na VVU hilo si jambo dogo. Kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba.

– Na orodha ya kutangazia ya WhatsApp (broadcast list) je?
Inafaa, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Waambieni waihifadhi siku ile ile wanapojiandikisha.