Mashine ya mtumbwi inazima ziwani? Anza na petroli iliyo chini ya dumu

Natengeneza mashine za mitumbwi mwaloni Kirumba, Mwanza. Mvuvi akiniletea mashine inayokohoa na kuzima, kabla sijashika spana naomba dumu lake. Wengi hukimbilia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, siku nzima ikapotea bure.

Petroli iliyochanganywa ethanoli, yaani spiriti, hunyonya maji. Ikiwa na spiriti asilimia 10, maji kama mililita 100 tu kwenye dumu la lita 20 yanatosha kuivuruga: spiriti hujitenga na petroli, ikazama chini pamoja na maji. Oili ya tu-stroki, ile unayochanganya na petroli ili kulainisha mashine, hubaki juu na petroli, wakati mpira wa mafuta unavuta kutoka chini. Nimewahi kutoa pistoni yenye michirizi ubavuni unayoihisi kwa ukucha, na mwenyewe akiapa kwamba oili aliweka. Kweli aliweka. Haikufika tu kwenye silinda.

Hatua ya 1. Vuta petroli ya chini kabisa ya dumu, itie kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Ukiona tabaka mbili, usiitumie. Tena usiimwage ziwani, maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Hatua ya 2. Ikiwa safi, chukua petroli ambayo hujaitia oili, mbali na moto na sigara. Kwa bomba la sindano pima maji mililita 20, yatie kwenye chupa nyembamba, piga alama kwa makapeni. Ongeza petroli mililita 180, funga, tikisa, subiri dakika 10. Maji yakibaki kwenye alama, hakuna spiriti. Yakipanda karibu mara mbili, spiriti inakaribia asilimia 10.

Hatua ya 3. Kagua mpira wa mafuta, na hapa usiwe na haraka. Spiriti huulainisha na kuuvimbisha mpira wa zamani. Ukunje uone nyufa. Kisha uchomoe, zungushia kijiti kitambaa cheupe, futa ndani. Kikitoka cheusi, mpira unamomonyoka, na weusi huo unakwenda kuziba jeti, tundu dogo la petroli ndani ya kabureta. Ufa mdogo nao huvuta hewa: ufukweni mashine inanguruma vizuri, ukiipa moto mbele ya Ukerewe inazima. Tafadhali usifunge mpira wa maji eti ni rahisi. Utakakamaa kama kijiti. Nunua wa mafuta, na klipu mpya pande zote mbili.

Hatua ya 4. Badilisha filta. Spiriti huondoa utando wa zamani ndani ya tangi, na uchafu wote hukimbilia hapo, kwa hiyo ikague tena baada ya madumu mawili ya kwanza.

Hatua ya 5. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, usiache mafuta ndani ya kabureta. Mashine ikiwa bado majini, chomoa mpira, iache ingurume mpaka izime yenyewe. Dumu lijaze, ulifunge, uliweke kivulini. Dumu nusu tupu huvuta unyevu wa ziwa usiku kucha.