Waifai haifiki vyumba vya nyuma? Vuta waya, tumia ruta ya zamani

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hapa Bagamoyo kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwelikweli, yaani ruta ukiiweka sebuleni ukifika chumba cha pili tu simu inabaki na kijistari kimoja. Wengi hapo wanakimbilia kununua ripita ya kuchomeka ukutani. Mi sishauri jamani. Ripita nyingi za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo moja, spidi inashuka karibu nusu, na ukiichomeka kule ambako mawimbi yashakufa haina cha kusambaza. Dawa ni kuvuta waya toka ruta unayotumia sasa mpaka vyumba vya nyuma, na kule mwisho wa waya uweke ile ruta ya zamani iliyolala kabatini.

Hatua 1: Pima. Weka programu ya kupima waifai kwenye simu, zunguka vyumba vyote milango ikiwa imefungwa. Namba zinakuja na hasi mbele, -60 safi, ikifika -75 hapo video zinaweza kukwama. Kabla hujatoa hela hamisha ruta kwanza, itoe nyuma ya tivii, ipandishe juu, katikati ya nyumba. Kuna nyumba shida inaishia hapohapo.

Hatua 2: Waya. Chukua waya wa netiweki aina ya Cat6, wa shaba tupu, isizidi mita 100. Dukani kwangua kidogo uzi mmoja kwa kisu, ndani ukiona rangi ya fedha hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, achana nayo. Kwa nje tumia wa ganda jeusi, jua la huku linapasua ule wa kijivu. Ukuta wa mawe usiutoboe hovyo, chokaa inamomonyoka, pitisha darini au juu ya fremu za milango.

Hatua 3: Setingi. Hapa tulia kabisa. Riseti ruta ya zamani, bonyeza kile kitufe cha ndani kwa pini mpaka taa zizime na kuwaka tena, halafu iunganishe na laptopu kwa waya, bado usiiguse ruta kubwa, yaani ile ya sebuleni inayoleta intaneti. Anwani ya kuingilia (unaiandika kwenye brauza) na paswedi viko kwenye lebo chini yake. Anza na waifai: jina na paswedi viwe sawasawa na vya ruta kubwa, chaneli, yaani njia ya mawimbi, iwe tofauti, kubwa ikiwa 1 hii weka 6 au 11. Kisha badili anwani yake, kama kubwa ni 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndio mwisho kabisa uzime DHCP (ile kazi ya kugawia vifaa anwani, hiyo iachie ruta kubwa), kwa sababu ukianza kuizima laptopu ikichomoka kidogo tu inakosa anwani na huingii tena.

Hatua 4: Unganisha. Waya utoke tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kubwa uingie LAN ya hii ya pili, sio WAN (tundu la kuingizia intaneti), ukichomeka WAN unatengeneza netiweki mbili na printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande wa pili.

Sasa tembea na simu toka sebuleni mpaka uani. Ikiwa inang'ang'ania ruta kubwa wakati umekaa pembeni ya hii ya pili, ingia kwenye ruta kubwa upunguze nguvu ya kurusha, weka ya kati, simu itaiachia mapema.