Somo: Prosesa ya bei nafuu kwa anayeanza kupandisha kasi

Hamjambo ndugu zangu. Wengi mmeniuliza swali moja: nikienda Kampala na fedha kidogo, ninunue prosesa (ubongo wa kompyuta) gani nijifunzie kuovakloki, yaani kuipandisha kasi kuliko ya kiwandani? Jibu langu ni Ryzen 5 2600 ya kampuni ya AMD, iliyotumika, juu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B450. Lakini msikimbilie dukani bado, maana pesa nyingi hupotelea kwenye hatua mbili za mwanzo.

Hatua ya 1: Hakikisha prosesa haijafungwa

Kasi ya prosesa ni namba mbili zikizidishwa: mapigo ya msingi, ambayo ni megahetsi 100, na kizidisho. 34 mara 100 ni 3,400, yaani gigahetsi 3.4. Anayepandisha kasi hubadilisha kizidisho. Kwa Intel, kwa kawaida kizidisho huwa wazi, yaani unaweza kukibadilisha, kwenye prosesa zenye herufi K mwishoni, kama i5-2500K ya mwaka 2011. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za kompyuta za mezani ziko wazi.

Mimi niliuziwa i5 isiyo na K huku nikihakikishiwa kwamba "inapanda". Nilikesha ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nikitafuta kizidisho ambacho hakikuwepo. Iliniuma sana, kwa sababu fedha ile nilikuwa nimeidunduliza kwa miezi. Kwa hiyo futa pesti (dawa ya kupitisha joto) iliyo juu ya prosesa, usome maandishi yake kwa macho yako mwenyewe, ndipo utoe hela.

Hatua ya 2: Mazabodi

Prosesa iliyo wazi haisaidii kitu ikikaa kwenye mazabodi iliyofungwa. Upande wa Ryzen, A320 na A520 haziruhusu kupandisha kasi ya prosesa. B350, B450 na B550 zinaruhusu. Kwa Intel, tafuta herufi Z kwenye jina la mazabodi. Tazama pia kando ya prosesa, pale umeme unapogawiwa: pawe na vipande vya chuma vya kupozea. Kama pako wazi, sehemu hiyo itachemka kabla ya prosesa yenyewe.

Hatua ya 3: Kwa nini 2600?

Ilitoka Aprili 2018 ikiwa na viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Kasi yake ya msingi ni gigahetsi 3.4, na hujipandisha yenyewe mpaka 3.9, ila hiyo 3.9 si kwa viini vyote kwa wakati mmoja. Ukiiwekea kasi mwenyewe kwa mkono, viini vyote 6 mara nyingi hukaa 3.9 au 4.0. Nafasi hiyo ndiyo darasa lako.

Ndugu yake mkubwa, 1600 ya mwaka 2017, anapanda vizuri pia, lakini hayumo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Ryzen 5 5600 ya 2022 ina nguvu kuliko zote hizi hata bila kuguswa, ila inajisukuma yenyewe karibu na ukomo wake na hukuachia kidogo cha kujifunza. Ukitaka kasi tu, chukua hiyo, uiache ilivyo.

Jambo moja watu husahau: 2600 haitoi picha bila kadi ya michoro. Kama huna kadi, chukua 2400G yenye viini 4 na michoro yake ndani. Nayo iko wazi.

Hatua ya 4: Dukani

Igeuze. Chini kuna pini 1,331. Iinamishe kwenye mwanga, utazame mistari yake. Pini iliyolala utaiona. Uliza kama inakuja na hitsinki (chuma cha kupozea) na feni, maana zilizotumika mara nyingi huuzwa peke yake.

Hatua ya 5: Kupandisha

Ndani ya BIOS, weka volti 1.25 na kizidisho 37. Iendeshe programu ya kuibana prosesa, kama Cinebench au OCCT, kwa nusu saa huku ukitazama joto kwenye HWiNFO, programu ya kupima joto. Ikitulia, pandisha kizidisho hatua moja. Ikianguka, yaani ikiganda au kuzima, ongeza volti kidogo sana. Mimi sivuki 1.35, na sipendi joto lipite digrii 80.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Busia: Mwalimu, nina OptiPlex yenye i5-4570. Naweza kuipandisha?

Hapana, kaka. Haina K, na BIOS ya mashine zile za ofisini haina mipangilio hiyo. Weka SSD (diski ya kasi), na RAM (kumbukumbu) mbili zinazolingana badala ya moja. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Kutoka Arua: Yangu iko 3.9 kwa volti 1.35, lakini joto ni digrii 88 mchana. Nifanyeje?

Joto linalozalishwa hufuata kasi ya prosesa ikizidishwa kwa volti, kisha kwa volti tena. Ukitoka 3.4 kwa volti 1.2 kwenda ulipo, umeongeza kasi kwa takriban asilimia 15, na joto linalozalishwa kwa asilimia 45. Rudi 3.8 kwa volti 1.25, upunguze karibu asilimia 16 ya joto hilo. Kisha fungua boksi upulize vumbi, ubadilishe pesti. Na ujaribu saa nane mchana, usijaribu usiku: joto la chumba likiongezeka digrii 8, prosesa nayo hupanda karibu hizo hizo.

Kutoka Gulu: Nimeweka kizidisho 42, sasa skrini ni nyeusi. Nimeiua?

La, dada, usiogope. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika tano, uirudishe. BIOS itasahau kila ulichoweka na mashine itawaka kwa kasi ya kiwandani. Anza tena na 37. Ila kama unataka kusasisha BIOS yenyewe, usifanye bila UPS (betri ya akiba ya umeme): umeme ukikatika katikati, kutoa betri hakutakuokoa.