Somo: Kuchagua kichwa cha risasi kwa bunduki ya magnum

Magnum ni bunduki ya risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida, hivyo kichwa chake huenda kasi zaidi. Wenye magnum wengi huanza kwa kuuliza kichwa kipi kinafika mbali. Mimi huwauliza: mnyama akitokea mita 30 mbele yako, hicho kichwa kitafanya nini? Huko karibu ndiko magnum inakoharibu kazi. (Humu "kichwa" ni kile kipande kinachoruka. "Risasi" ni kitu kizima, pamoja na ganda, fataki na baruti.)

Hatua ya 1: Mnyama na umbali wa karibu

Mtaje mnyama mkubwa kuliko wote walio kwenye kibali chako, halafu umbali mfupi kabisa unaoweza kukutana naye. Swala wa uwandani kwa mita 250 na pofu wa kichakani kwa mita 30 ni kazi mbili, hata bunduki ikiwa ileile. Ukisita, chagua kwa ajili ya yule mkubwa wa karibu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kasi

Namba ya mbele ya jina la risasi ni takriban kipenyo cha kichwa kwa inchi. .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, hurusha kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) kwa takriban mita 900 kwa sekunde. .308 Winchester, kwa kichwa cha uzito huohuo, hutoa kama 800. Yaani kichwa cha magnum kikishavuka mita 100 bado kina kasi ambayo mwenzake anakuwa nayo anapotoka tu mtutuni. Sasa chukua kichwa laini cha bei nafuu, chenye koti jembamba (tabaka la shaba la nje), kigonge mfupa wa bega kwa mwendo huo. Kinaweza kusambaratika kabla hakijafika mapafuni. Mnyama anapata jeraha pana lisilo na kina, anakimbia nalo, na ninyi mnashinda mkifuata damu.

Kuna na mpaka wa chini. Kichwa kikipungua kasi sana hakichanui, yaani hakifunguki na kupanuka, kinatoboa tu na kupita. Vichwa vingi vyenye moyo (kiini cha ndani) wa madini ya risasi huhitaji kama mita 550 kwa sekunde, na vingi vya shaba tupu huhitaji zaidi kidogo, karibu 600. Kila mtengenezaji hutoa takwimu zake, zisome. Kwa magnum, katika umbali wa kawaida wa kuwinda, ni nadra kushuka hadi huko.

Hatua ya 3: Muundo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kuliko pa uzito na kuliko pa jina la kampuni.

Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani, alikuwa akiwinda moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) huko British Columbia, Kanada, na .300 H&H Magnum. Ngozi ya mnyama ilikuwa imeganda matope, na vichwa vyake vikapasuka bila kupenya vya kutosha. Akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Ndicho Nosler Partition, na bado kinauzwa.

Baadaye zikaja njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kuunganisha koti na moyo wake visiachane, kama ilivyo kwa kichwa kiitwacho AccuBond. Swift A-Frame inachanganya ukuta na muungano huo. Ya pili ni kuacha madini ya risasi kabisa na kutengeneza kichwa cha shaba tupu, mfano Barnes TSX, ambacho kwa kawaida hubaki na karibu uzito wake wote baada ya kugonga. Kwa mnyama mzito wa karibu, chagua katika makundi haya matatu. Kichwa laini cha kawaida kiachie swala wadogo na umbali mrefu.

Hatua ya 4: Uzito

Kati ya vichwa viwili vya muundo mmoja na kipenyo kimoja, kizito hupenya zaidi na huanza na kasi ndogo, jambo ambalo kwa magnum ni nafuu. Kwa .300 greni 180 hutosha kazi nyingi. Kwa .375 H&H, ya tangu 1912, greni 300 ndio uzito uliozoeleka.

Hatua ya 5: Mtutu wako ukubali

Mitutu mingi ya .300 huzungusha kichwa mara moja kila inchi 10. Kichwa kirefu mno kwa mzunguko huo huyumba hewani. Piga makundi ya risasi tatu tatu, mtutu ukipoa kati ya kundi na kundi. Ukibadilisha aina, safisha kwanza shaba iliyoganda ndani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nilikuwa natumia greni 180 zenye moyo wa madini ya risasi. Nikihamia shaba tupu nichukue 180 tena?

Jibu: Unaweza kushuka ngazi moja, 165 au 168. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi. Na kwa kuwa hakipotezi uzito, hizo greni ulizopunguza hutazikumbuka. Kama unajaza risasi mwenyewe, usihamishe kipimo cha baruti kutoka kichwa kimoja kwenda kingine.

Swali: Vichwa vya mashindano vinalenga vizuri ajabu kwenye bunduki yangu, na vina tundu mbele. Si vitachanua?

Jibu: Tundu hilo limetokana na jinsi vinavyotengenezwa, si lazima lichanue. Kimoja kitapasuka vipande, kingine kitapita kama sindano. Viache kwenye karatasi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nyati naweza kutumia zile za kijeshi zilizofunikwa shaba kote?

Jibu: Marahaba. Hapana. Azimio la Hague la 1899 lilipiga marufuku vichwa vinavyochanua vitani, na mawindoni mambo ni kinyume: sehemu nyingi sheria hudai kichwa kinachochanua. Vichwa vigumu vya tembo na nyati ni kitu kingine, vimejengwa visipinde wala kupasuka kwenye mfupa. Wengi hutanguliza kinachochanua chenye muundo imara, nyuma yake wanapanga vigumu. Na .300 yako iache nyumbani, nchi nyingi za Afrika huanzia .375 kwa nyati.

Swali: Nilikikuta kichwa chini ya ngozi ya upande wa pili. Kimeshindwa?

Jibu: Mnyama alianguka? Basi kimefanya kazi. Mimi binafsi napenda kitoke, tundu la pili huacha damu ya kufuata, ila kundi likiwa limesongamana kinachotoka kinaweza kumjeruhi wa nyuma yake.

Swali: Na nyama? Nasikia vumbi la madini ya risasi linabaki ndani.

Jibu: Ni kweli, na kasi kubwa huongeza vipande. Jimbo la California, Marekani, lilikataza risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Ukitumia za aina hiyo, kata kwa ukarimu nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, uifukie. Mbwa naye asipewe.