Kusajili rangi ya nywele yenye HC Blue No. 2 ukiwa Mwanza

Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), si mamlaka ya dawa tena. Rangi yenye HC Blue No. 2 (kemikali ya kutia nywele rangi), inayofifia baada ya kuosha nywele mara kadhaa, ni kipodozi, iwe imepita Mutukula, Sirari au bandari ya Dar es Salaam. Ombi hutumwa mtandaoni. Ukikwama, ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza.

Anza na TIN, leseni ya biashara na usajili wa jengo la duka au stoo. Kisha, kabla hujalipia mzigo, mdai mtengenezaji fomula kamili kwa asilimia, cheti cha uchambuzi wa maabara na nakala ya lebo. Mzigo ukishafika Makoroboi, soko la hapa Mwanza, bila karatasi hizo, kuzipata ni kazi kubwa.

Kagua fomula kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosea. Lebo ikisema "HC Blue" bila namba, ikatae. HC Blue No. 1 (CAS, yaani namba ya utambulisho wa kemikali, 2784-94-3) ilisababisha saratani kwa panya wa maabara, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi la 2B (huenda husababisha saratani kwa binadamu). No. 2 ni CAS 33229-34-4, nayo iko kundi la 3 (ushahidi hautoshi kuiainisha). Namba moja ikikosewa, umeomba kusajili kitu kingine kabisa.

Halafu kiasi. Umoja wa Ulaya unaruhusu No. 2 isizidi 2.8% katika rangi isiyochanganywa na dawa ya oksijeni, yaani gramu 2.8 katika kila gramu 100. Ni kipimo kizuri cha kumbana mtengenezaji. Akiandika tu "mchanganyiko wa rangi 4%", mwambie autenganishe. Jumla ya viambato vyote iwe 100.

Tazama pia kihifadhi. Bronopoli, kihifadhi kimojawapo, huachia nitraiti, na nitraiti ikikutana na HC Blue No. 2 hutengeneza nitrosamini, kemikali za kuogopwa. Kikomo cha Ulaya cha nitrosamini ni maikrogramu 50 kwa kilo, kwa hiyo cheti cha maabara kitaje kipimo hicho.

Pakia nyaraka, lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, peleka sampuli zikiwa na lakiri. Jina na uzito kwenye sampuli vilingane herufi kwa herufi na fomu. Lebo iwe na maelekezo ya kujaribu rangi nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kupaka.

Fomula ikibadilika baadaye, hata kihifadhi tu, wajulishe TBS kabla ya kuagiza mzigo mwingine.